Rwanda na Mitumba: Ushuru Ulipofika Dola 2.50 kwa Kilo

Julai 2016, mwagizaji wa mitumba wa Kigali aliyezoea kulipa ushuru wa dola 9 kwa belo la kilo 45 aliambiwa kwamba sasa ni dola 112 na senti 50. Serikali ya Rwanda ilikuwa imepandisha kiwango kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kila kilo ya nguo zilizovaliwa. Viatu vikafika dola 5 kwa kilo. Kwa faranga za wakati ule, belo moja lilidaiwa karibu faranga 90,000 kabla kamba hazijakatwa, kabla mwenyewe hajajua kama ndani kuna mashati ya kuuzika au makoti ya theluji.

Mjadala wa ushuru na nguo za bei poa umerudi kwa kishindo tangu mwaka 2025, Marekani ilipofuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800, msamaha uliozibeba sana kampuni za mauzo ya mtandaoni Shein na Temu. Wanaoshangilia wanasema mambo mawili kwa pumzi moja: ushuru utapunguza fasheni ya chapuchapu, na ushuru utamrudishia mshonaji wa nyumbani kazi yake. Rwanda iliyajaribu yote mawili miaka mingi kabla. Katika Afrika Mashariki ndiyo nchi iliyopandisha ushuru wa nguo kiasi cha kuumiza, ikatishiwa adhabu, na isirudi nyuma. Matokeo yake yapo, hatuhitaji kubashiri.

Atauliza mtu: mitumba na fasheni ya chapuchapu vinahusianaje? Vinahusiana sana. Blauzi ya poliesta inayonunuliwa Manchester au Chicago kwa bei ya chakula cha mchana na kuvaliwa mara tatu ni lazima iende mahali. Hupitia kwenye sanduku la misaada, kisha kwenye maghala ya kuchambulia ya Sharjah, Karachi au Kandla, ndipo ifike Mombasa au Dar es Salaam imebanwa kwenye belo. Kadiri viwanda vinavyotoa nguo nyingi na hafifu, ndivyo belo linavyojaa nguo zisizofika mwaka. Wauzaji wa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, wanalijua hili kuliko mtafiti yeyote: kamera, zile za kwanza kuchaguliwa, zimepungua, na fagia, yaani mabaki hafifu, imeongezeka. Sehemu ya hiyo fagia utaikuta kwenye kingo za Mto Nairobi.

Arusha, Machi 2016

Rwanda haikuanza peke yake. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha mwanzoni mwa Machi 2016, Rais Magufuli akiwa mwenyekiti, wakakubaliana kuondoa nguo na viatu vilivyovaliwa hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Siku chache baadaye, tarehe 10 mwezi huohuo, Marekani ilianza kutumia kiwango kipya cha msamaha wa vifurushi: kutoka dola 200 hadi dola 800. Afrika Mashariki inajiandaa kuuzuia mkia wa fasheni ya chapuchapu, Marekani inaupanulia mlango mdomo wake. Sidhani kama kuna aliyeyaona mambo hayo mawili kwa pamoja wakati ule.

Hoja ya Arusha ilikuwa na uchungu wa kweli ndani yake. Kila nchi ina kaburi la kiwanda, au kivuli chake. Tanzania ina Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma, na Urafiki ya Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina mwaka 1968, ambayo ilibaki kivuli chake. Kenya ina Kicomi ya Kisumu. Uganda ina Nytil ya Jinja, iliyoanza mwaka 1954 na kuwahi kuwa fahari ya ukanda mzima. Vijana waliozaliwa baada ya miaka ya tisini wamerithi maelezo mafupi: mitumba iliua viwanda.

Maelezo hayo yana ukweli nusu. Soko huria lilipofunguliwa, mitumba iliingia kwa wingi na bei yake haikushindika. Lakini viwanda vilikuwa tayari vina madeni, mashine za kizamani, umeme wa kukatika na mameneja walioteuliwa kwa siasa. Kisha, tarehe 1 Januari 2005, mfumo wa kugawiana viwango vya kuuza nguo kwa nchi tajiri ulipokoma, viwanda vya China vikazidi kupanuka. Kuanzia hapo kiwanda cha Jinja au Mwanza kilikuwa kinapambana na nguo mpya za Guangzhou kama kilivyopambana na nguo zilizovaliwa za Ulaya. Mitumba ni mtuhumiwa rahisi kwa sababu anaonekana: yuko barabarani, amemwagwa kwenye turubai. Kontena la nguo mpya linapita kimya.

Bajeti ya kila nchi ilipofika, nyingine zilipandisha ushuru kidogo. Rwanda ilipandisha zaidi ya mara kumi.

Barua kutoka Washington

Machi 2017, chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizovaliwa na matambara cha Marekani, SMART, kilipeleka malalamiko kwa Ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani. Kilidai kwamba uamuzi wa Afrika Mashariki unahatarisha ajira 40,000 za Wamarekani. Idadi hiyo ilikuwa ya chama chenyewe, na wengi waliitilia shaka. Haikujalisha. Sheria ya AGOA ya mwaka 2000, iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, iliitaka nchi nufaika iendelee kuondoa vizuizi dhidi ya biashara ya Marekani. Wakili yeyote angeweza kuuita ushuru wa dola 2.50 kizuizi.

Kenya ilikwisha kujitoa mapema. Wakati huo iliuza Marekani nguo za zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka kupitia AGOA, zilizoshonwa na makumi ya maelfu ya wafanyakazi katika maeneo ya viwanda vya kuuza nje. Kwa Nairobi hesabu ilikuwa fupi. Tanzania na Uganda zilifanyiwa mapitio pamoja na Rwanda, zikalegeza. Kigali ikakataa. Rais Kagame alisema hadharani kwamba nchi yake lazima ijenge viwanda vyake, na kwamba ikibidi kuchagua, uchaguzi kwake si mgumu hata kama una gharama.

Tarehe 29 Machi 2018 Marekani ilitoa notisi ya siku 60, na mwisho wa Julai ikaisimamisha Rwanda kuingiza nguo bila ushuru. Bidhaa nyingine za AGOA ziliachwa. Wamarekani wenyewe walisema hatua hiyo inagusa mauzo ya takriban dola milioni 1.5 kwa mwaka. Ni kiasi kidogo, na hiyo ni sehemu ya siri ya ujasiri wa Kigali: Rwanda ilikuwa na kidogo cha kupoteza, Kenya ilikuwa na kingi. Nasema hivi bila kuibeza Kigali. Msimamo ulikuwa msimamo. Ila anayewasimanga Wakenya kwa woga aangalie kwanza nani angefukuzwa kazi kwenye viwanda vya Athi River, karibu na Nairobi.

Ajabu ni kwamba adhabu iliangukia kilekile ambacho ushuru ulikusudia kukilea. Kiwanda cha Wachina cha C&H kilikuwa kimefunguliwa mwaka 2015 katika eneo maalumu la kiuchumi la Kigali, na serikali ilikuwa inasaidia kugharamia mafunzo ya washonaji wake. Hicho ndicho kilikuwa aina ya kiwanda kinachotafuta soko la Marekani.

Kilichotokea sokoni

Ukitaka kujua ushuru utafanya kazi gani, usisome hotuba, soma kipimo chake. Huu ulipimwa kwa kilo. Kilo ya mitumba ya kawaida huko inakonunuliwa kwa jumla mara nyingi haifiki dola mbili. Kwa hiyo ushuru peke yake ulizidi bei ya mali. Na kilo ni kilo: ya shati zuri la pamba lisilo na doa na ya fagia iliyochanika kwapa zote zinadaiwa dola 2.50 ileile. Mfanyabiashara mwenye akili akibanwa namna hiyo anaacha kuleta daraja la chini, analeta la juu tu, na kuliuza dukani kwa wenye uwezo. Anayeumia kwanza ni yule aliyekuwa akinunua fulana ya mtoto kwa faranga mia chache.

Sasa linganisha na nguo mpya. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa nguo mpya wakati huo ulikuwa asilimia 25 ya thamani. Chukua fulana mpya ya poliesta ya gramu 150 ambayo mwagizaji ameitangaza forodhani kwa dola 1. Inalipa senti 25. Fulana iliyovaliwa yenye uzito huohuo inalipa senti 37 na nusu. Chukua suruali ya jinzi ya gramu 600: iliyovaliwa inalipa dola 1.50, mpya iliyotangazwa kwa dola 4 inalipa dola 1. Na kila anayejua bandari anajua jinsi dola 4 inavyoweza kuandikwa dola 2 kwenye ankara.

Hapo ndipo kisa kizima kilipo. Kama dhamira ilikuwa kupunguza fasheni ya chapuchapu, ushuru huu uliitoza zaidi nguo ambayo tayari ilikuwa imeshatengenezwa na kuvaliwa, na ukaitoza kidogo ile inayotoka kiwandani leo. Mnunuzi aliyekosa caguwa, kama Wanyarwanda wanavyoiita mitumba, hakuvuka barabara kwenda kununua shati la Kigali. Shati la Kigali lilikuwa ghali mara kadhaa. Alinunua nguo mpya ya bei nafuu kutoka China, nyepesi, inayopauka baada ya kufuliwa mara chache. Nguo za China zikaongezeka madukani. Yaani badala ya mkia wa fasheni ya chapuchapu, Rwanda ikapata kichwa chake.

Waliolipa mara moja walikuwa wauzaji. Biryogo, pale Nyamirambo jijini Kigali, palikuwa mahali pa kwenda mtu akitaka caguwa. Utafiti uliogharamiwa na mradi wa biashara wa USAID mwaka 2017 ulikadiria kwamba mitumba inaajiri watu wapatao 355,000 katika Jumuiya nzima. Ulifanywa na upande wenye masilahi yake, basi uusome kwa tahadhari, lakini hata ukiigawanya idadi hiyo kwa mbili bado ni watu wengi kuliko wanaoweza kuingia kwenye viwanda vyote vipya vya nguo vya ukanda huu. Wengi ni wanawake wenye mtaji wa belo moja, au nusu belo kwa kuchangiana. Hakuna aliyewapa mafunzo ya kuhamia kazi nyingine kwa kasi ile ushuru ulivyopanda.

Halafu magendo. Rwanda imezungukwa na nchi ambazo mitumba ni halali na rahisi. Kongo haikuwa hata mwanachama wa Jumuiya hadi mwaka 2022. Goma na Gisenyi ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Bukavu na Rusizi zinatazamana ng'ambo ya Ruzizi. Nguo ikiwa bei mara tatu upande mmoja, itavuka tu, kwa njia za panya, usiku, au mchana kweupe ikiwa imevaliwa mwilini: mama anavuka amevaa magauni manne, anarudi na moja. Polisi wamekuwa wakitangaza mara kwa mara marobota waliyokamata Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, na upande wa Uganda. Kazi halali ya kuuza nguo ikageuka kazi ya kukimbizana.

Mfanyakazi yupi?

Tukisema ushuru unamsaidia mfanyakazi wa ndani, tunamaanisha yupi? Kwenye nguo wapo angalau watatu, na masilahi yao hayafanani.

Wa kwanza ni wa kiwandani. Huyu amefaidika kwa kiasi. Kiwanda cha zamani cha Utexrwa kilipata sababu ya kuendelea, na baadaye Pink Mango C&D ikaja katika eneo maalumu la Kigali na kuajiri watu kwa maelfu. Lakini ukichunguza mkate wa viwanda hivi unakuta mambo mengine yakitangulia ushuru wa mitumba: zabuni za serikali za sare, msamaha wa ushuru kwa vitambaa na vifaa vinavyoagizwa na viwanda, ruzuku ya mafunzo, na soko la Ulaya ambalo Rwanda, kama nchi maskini, inaingia bila ushuru. Kiwanda kinachouza Ulaya hakishindani na caguwa ya Biryogo. Ushuru wa dola 2.50 haukipi mteja hata mmoja.

Na kuajiriwa si kulipwa vizuri. Kima cha chini cha kisheria nchini Rwanda, faranga 100 kwa siku, kiliwekwa mwaka 1980 na kilikuwa bado hakijabadilishwa wakati ushuru huu unapandishwa. Bila shaka viwanda hulipa zaidi ya hapo, maana kwa faranga 100 hupati hata nauli, lakini kinga ya mfanyakazi haikupanda pamoja na kinga ya mwajiri. Hilo ndilo jambo ninalolilaumu zaidi katika mpango mzima.

Wa pili ni fundi cherehani. Kwenye viwanja vya mafundi vya Agakiriro na mitaani, fundi alikuwa na miguu miwili. Mmoja ni kushona nguo mpya za kitenge na sare za shule. Mwingine ni kubana, kupunguza na kugeuza mitumba: suruali ya mzungu mwenye kiuno kikubwa inakuwa ya kijana wa Nyamirambo ndani ya nusu saa. Ushuru ulimkata mguu wa pili. Wa kwanza haukuongezeka sana, kwa sababu kitambaa chenyewe hakitengenezwi Rwanda. Nchi hailimi pamba ya maana. Jora linatoka China au India, linapanda lori Mombasa au Dar es Salaam na kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja. Fundi akimaliza kulipia kitambaa, uzi na zipu, shati lake linakuwa la mtu wa mshahara. Msamaha wa vitambaa uliwafaa wenye viwanda waliosajiliwa kuliko yeye anayenunua mita tatu tatu dukani.

Wa tatu ni muuzaji, na yeye tumeshamwona.

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa ushuru huu husema nami nakubaliana nalo: hesabu ya miaka miwili mitatu haitoshi kukihukumu kiwanda. Ustadi wa kushona unajengwa polepole, na hakuna nchi iliyovaa nguo zake bila kuzikinga kwanza. Uingereza yenyewe ilipiga marufuku vitambaa vya pamba vya India mwanzoni mwa karne ya 18. Sawa. Lakini Uingereza ilizuia bidhaa mpya iliyoshindana moja kwa moja na sufu na hariri za wafumaji wake. Rwanda ilizuia nguo iliyovaliwa, ikaiachia njia nguo mpya iliyofanana kabisa na ile ambayo kiwanda cha Kigali kingetaka kuishona. Isitoshe, soko lake ni la watu wapatao milioni 14, wengi wakulima. Ulinzi wa aina hii ungeleta maana ukiwa wa Jumuiya nzima, na umoja wa Jumuiya ulivunjika mara barua ya Washington ilipofika.

Baada ya hapo

Rwanda haijarudi nyuma. Mwaka baada ya mwaka imeomba Jumuiya iiruhusu kutoza dola zake 2.50 wakati wenzake wanatoza asilimia 35 au senti 40 kwa kilo, chochote kilicho kikubwa. Kenya ilifunga mitumba kwa muda mwaka 2020 kwa sababu ya korona, ikaifungulia Agosti. Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza akiwa Mbale kwamba mitumba marufuku, akisema ni nguo za watu waliokufa, lugha ambayo Watanzania waliojua neno kafa ulaya hawakuiona ngeni. Owino, soko kubwa la Kampala, iliendelea kuuza.

Jambo kubwa zaidi lilipita bila kelele. Julai 2022 Jumuiya ilianza kutumia daraja jipya la ushuru wa pamoja, asilimia 35, na nguo mpya zikawekwa humo. Hatua hiyo inagusa fasheni ya chapuchapu moja kwa moja kuliko yote yaliyofanywa mwaka 2016. Inaacha pengo palepale: asilimia 35 ya thamani iliyoandikwa kwa uongo ni ushuru wa uongo. Dawa yake inajulikana, ni kuweka kiwango cha chini kwa kilo kwa nguo mpya pia, hasa za poliesta, ili kitakachoandikwa kwenye ankara kisibadilishe mizani. Kwa baadhi ya nguo, nchi majirani wamewahi kujaribu, kila mmoja kwa wakati wake na kiwango chake, jambo linaloirudisha biashara kwenye njia za panya.

Ningekuwa naandika bajeti ya Kigali, ningeanzia huko: kiwango cha kilo kwa nguo mpya kiwe juu ya kile cha mitumba, mitumba ishuke hadi kiwango ambacho magendo hayalipi, jora na uzi viingie bure kwa fundi wa mita tatu sawa na kwa kiwanda, na kima cha chini cha mshahara kitangazwe siku ileile. Upinzani wake hautatoka SMART safari hii. Utatoka Kariakoo, kwa waagizaji wa nguo mpya wanaoivisha Kigali, Lubumbashi na nusu ya Zambia, na hao wanasikilizwa Dodoma.